Moki, Jumlisha Mbili

Pale Rodi Kopany, kwenye njiapanda ambapo barabara ya Homa Bay kwenda Rongo inakutana na ile ya kwenda Ndhiwa, kuna hesabu moja ambayo kila mtu anaijua na hakuna aliyefundishwa darasani. Chukua gredi uliyopata kwenye mtihani wa majaribio, ule tunaouita moki. Jumlisha mbili. Hiyo ndiyo gredi yako ya KCSE. Ukiwa na C- ya Julai, wewe ni C+ ya Novemba, na C+ maana yake ni chuo kikuu. Ukiwa na D+, jumlisha mbili upate C, halafu watu wanakuangalia kwa upole na kukuuliza kama umewahi kufikiria kozi ya cheti.

Nimeisikia hesabu hii kwa watu wa bodaboda, kwa walimu, kwa wazee kanisani. Nimeona ng'ombe akipelekwa sokoni mwezi wa Agosti kwa sababu ya C+ ambayo ilikuwa bado ni ya kukisia. Nimeona pia ng'ombe akibaki zizini kwa sababu ya D+, na karo ya muhula wa tatu ikasubiri hadi mtoto akasubiri nayo. Kwa hivyo hii si stori ya kuchekesha tu. Watu huuza na kununua kwa kutumia namba ambayo hakuna aliyeipima. Nikajiuliza: hiyo mbili ilitoka wapi? Na ikikosea, nani analipa?

Tuanze na hesabu yenyewe, ile ya kweli. KCSE inatoa gredi 12, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Masomo saba ndiyo yanayohesabiwa, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Ukipata 46 hadi 52, gredi yako ya wastani ni C+. Ukipata 45, ni C. Pointi moja tu, na pointi moja yaweza kutoka kwa swali moja la Kemia ambalo ulilijua ukasahau kuandika kipimo chake.

Kila somo nalo lina pepa zake. Kiswahili kina Insha yenye alama 40, Lugha yenye 80 na Fasihi yenye 80. Kemia ina pepa mbili za 80 na ya maabara yenye 40. Mwanafunzi makini hukisia pepa kwa pepa: Insha napata 24, Lugha 45, Fasihi 50, jumla 119 kati ya 200, kama asilimia 60 hivi. Mpaka hapo ni sawa. Shida inaanza anapotaka kugeuza hiyo 60 iwe gredi. Darasani kuna jedwali limebandikwa ukutani likisema 60 ni B- ama B, kutegemea shule. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, halitumii jedwali la ukutani. Mipaka ya gredi hutofautiana somo kwa somo na hupangwa baada ya pepa kusahihishwa. Alama ambayo kwa Hisabati inakupa gredi nzuri, kwa CRE inaweza kukuacha katikati. Kwa maneno mengine, unayekisia alama zako unakisia vitu viwili: umeandika nini, na rula itakuwa na urefu gani mwaka huo.

Rula hiyo ina historia, na haikuanzia kwetu. Wakati wa ukoloni, mtoto Mwafrika alichujwa mapema: kulikuwa na mtihani wa mchujo darasa la nne, kisha Kenya African Preliminary Examination, KAPE, mwishoni mwa darasa la nane. Waliopenya hadi sekondari walikutana na School Certificate ya Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, majibu yakarudi Uingereza kusahihishwa. Alliance, Maseno na Mang'u zilijengewa jina kwa matokeo hayo. Mwalimu wa huku angeweza kukufundisha miaka minne na bado asijue msahihishaji anataka nini, kwa sababu hakuwahi kumwona.

Baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na baraza moja la mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa na kuanzisha NECTA mwaka 1973. Jumuiya yenyewe ikavunjika 1977, na Kenya ikaunda KNEC mwaka 1980. Wazee waliofanya KCE enzi hizo bado wanahesabu kwa namna yao: kwao namba ndogo ndiyo nzuri. Somo lilipewa 1 hadi 9, masomo sita bora yakajumlishwa, na pointi 6 ndiyo ilikuwa kilele. Ndiyo maana ukimwambia mzee wa rika hilo kwamba umepata pointi 46, anaweza kukupa pole.

Halafu ikaja 8-4-4, mwaka 1985. Wanafunzi wa kwanza wa KCSE walifanya mtihani wao 1989, masomo kumi, mwaka ule ule ambao wale wa mwisho wa mfumo wa zamani walikuwa wanafanya KACE ya Kidato cha Sita. Fikiria hao wa 1989 kidogo. Hawakuwa na karatasi hata moja ya mwaka uliopita. Hakukuwa na kaka aliyetangulia wa kuwaambia "omera, swali la tatu huwa hivi." Moki yao ndiyo ilikuwa kioo pekee, na kilitengenezwa na walimu ambao nao hawakuwahi kuuona mtihani wenyewe. Kwa hivyo kukisia si uvivu wa vijana wa siku hizi. KCSE ilizaliwa hivyo.

Lakini kilichofanya makisio yawe na meno ni utaratibu wa kuchagua. Kwa miaka mingi serikali ilimtaka mtoto achague kabla hajajua. Mwanafunzi wa darasa la nane alichagua shule za upili kabla ya kufanya KCPE. Wa Kidato cha Nne alijaza fomu za Joint Admissions Board, JAB, akiwa bado shuleni, miezi kabla ya KCSE. Unaandika kozi zako kwa kalamu, na msingi wa kalamu hiyo ni moki ama makisio ya mwalimu wa darasa. Na isitoshe, C+ peke yake ilikufanya ustahili tu. JAB ilikuwa inahesabu vitanda vya vyuo vya umma, kwa hivyo kulipiwa na serikali kulihitaji pointi za juu zaidi, na kila mwaka mpaka huo ulisogea. Juu ya hapo kulikuwa na klasta: chukua pointi zako za masomo manne kati ya 48, chukua jumla yako kati ya 84, zidisha sehemu hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Mambo ya kipeuo cha pili yalikuwa yanaamua nani atakuwa daktari, na wazazi wengi hawakuwahi kuambiwa kwamba hesabu hiyo ipo.

Binamu yangu alijaza fomu hizo enzi za JAB. Moki yake ilikuwa C+. Alikuwa anataka uhandisi tangu darasa la sita, alipokuwa anafungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa zinaongea. Mwalimu mmoja akamwambia kwa nia njema kabisa: kijana, kuwa mkweli na nafsi yako, andika ualimu. Akaandika. KCSE akapata B+. Kulikuwa na kipindi cha kubadilisha chaguo baada ya matokeo, lakini tangazo lilibandikwa shuleni na yeye alikuwa nyumbani, na wakati ule habari ilisafiri kwa miguu. Leo anafundisha Hisabati na anaifundisha vizuri. Wanafunzi wake wanampenda. Sitasema maisha yake yaliharibika, maana hayakuharibika. Nasema tu kwamba hakuchagua. Moki ndiyo iliyomchagulia.

Sasa turudi kwa ile mbili. Baada ya kuzungumza na walimu kadhaa, naamini ilikuwa na akili yake. Moki huwa ngumu kwa makusudi. Mwalimu anayekupa A mwezi wa Julai anaogopa utalala hadi Oktoba, kwa hivyo anatunga maswali ya kukutikisa na kusahihisha kwa mkono mzito. Pia inafanywa kabla silabasi haijaisha, hasa shule za kutwa ambazo hazina masomo ya usiku. Unapimwa kwa mada ambazo hujafundishwa. Kwa hiyo watu wakiona mwaka baada ya mwaka kwamba gredi zinapanda kati ya Julai na Novemba, wanaongeza mbili. Kile ambacho mwalimu amepunguza, kijiji kinarudisha.

Tatizo ni kwamba mwalimu wa kila shule anapunguza kwa kiasi chake. Shule kubwa yenye walimu wanaosahihisha KCSE kila mwaka inajua imepunguza kiasi gani. Mwanafunzi wake akipata C ya moki, anaambiwa hapo hapo hiyo ni B ya Novemba. Shule ndogo inanunua mtihani uliotungwa kwingine, unasahihishwa haraka, na hakuna anayejua alama zake zina maana gani. Na kuna upande wa pili: mitihani ya pamoja huvuja. Karatasi inayofanywa Jumatatu shule moja inakuwa kwenye simu za shule ya pili kabla ya Jumatano. Hapo alama zimepanda tayari, na ukijumlisha mbili unajidanganya mara mbili. Hesabu ni moja, lakini kwa mmoja inapunja na kwa mwingine inazidisha.

Shinikizo la moki liliwahi kufika mahali pabaya. Mwaka 2008, katikati ya muhula wa pili, mamia ya shule za upili zilikumbwa na ghasia na mioto. Wanafunzi walipoulizwa, hofu ya moki ilikuwa kati ya sababu walizotaja, na wizara ikaipiga marufuku. Haikufa. Ilibadilisha jina tu: ikawa tathmini ya pamoja, ikawa mtihani wa maandalizi, ikawa kila kitu isipokuwa moki. Mwaka 2014 waziri Jacob Kaimenyi akafuta pia upangaji wa shule na wanafunzi kwa nafasi katika mitihani ya kitaifa. Magazeti hayakuacha kutafuta nani wa kwanza. Mahali ambapo kila mtu anahitaji kukisia, huwezi kupiga marufuku kipimo. Watu watakiunda usiku.

Kisha 2016 ikafika, na rula ikavunjika hadharani.

KCSE ya 2015 ilikuwa imejaa wizi. Matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa. Machi 2016 waziri Fred Matiang'i akaivunja bodi ya KNEC, na Profesa George Magoha akawekwa kuwa mwenyekiti. Mitihani ikafungiwa ndani ya makontena, ziara za wazazi na maombi ya muhula wa tatu yakapigwa marufuku, wakuu wa shule wakawa ndio wa kuchukua karatasi wenyewe kila asubuhi. Matokeo yaliyozoeleka kutoka Februari ama Machi yakatangazwa tarehe 29 Desemba. Mwaka uliotangulia kulikuwa na A zaidi ya 2,600. Mwaka huo zilikuwa 141, nchi nzima. Waliopata C+ kwenda juu walikuwa 88,929 kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000, karibu nusu ya wale wa 2015. Mwaka 2017 walishuka tena hadi 70,073.

Nakumbuka ukimya wa wiki hiyo. Krismasi ilikuwa bado haijaisha, watu wa Nairobi walikuwa bado nyumbani, na kila boma lenye mtoto wa Fomu Foo lilikuwa na mtu ameshika simu bila kusema kitu. Waliokuwa na B za moki walikuwa na D+. Serikali ikasema hii ndiyo sura halisi, wizi umezibwa. Wakosoaji wakauliza kama usahihishaji wa haraka vile ulikuwa wa haki, na kama alama zilisawazishwa inavyotakiwa. Mjadala huo sidhani uliwahi kumalizika. Lakini kwa hesabu yetu ya njiapanda, maana yake ilikuwa wazi: ile mbili haikuwa sheria ya asili. Ilikuwa na sehemu ya bidii ya miezi mitatu, na sehemu ya ukali wa mwalimu, na kwa baadhi ya shule, sehemu ya karatasi iliyofika mapema. Mtoto wa shule ya kutwa ambaye hakuwahi kuona karatasi iliyovuja alipimwa kwa rula mpya sawa na wengine, na wiki hiyo akaitwa mvivu sawa na wengine.

Sisi si wa kwanza. Tanzania ilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Mei 2013 serikali ikayafuta na kuamuru yapangwe upya. Majibu yalikuwa yale yale, mikono ile ile, wino ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa kuchora mstari. Na Uingereza yenyewe, waliotuletea School Certificate, walipofuta mitihani ya 2020 kwa sababu ya korona, waliwaomba walimu wakisie gredi, kisha mashine ya hesabu ikashusha karibu asilimia 40 ya makisio hayo ya A-level, ikitumia rekodi ya shule miaka ya nyuma. Mtoto hodari wa shule yenye historia mbaya alishushwa kwa makosa ya waliomtangulia. Vijana wakaandamana, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi kwa makisio ya walimu. Nilipoyasoma hayo nilicheka kidogo. Mashine ilikuwa inafanya kile ambacho sisi tumekuwa tukiwafanyia watoto wa shule za kutwa miaka yote: kumwangalia mtu, kuuliza anasoma wapi, kisha kuandika gredi.

Na kama bado unadhani rula ni ya chuma, chukua mfano huu, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa. Msichana ana Kiswahili B-, Kiingereza C, Hisabati D, Biolojia C, Kemia D+, Historia B, CRE B, Kilimo C+. Kwa kanuni iliyotumika hadi 2022, lugha zote mbili na Hisabati lazima zihesabiwe, pamoja na sayansi mbili, somo moja la jamii na jingine moja bora. Jumla: 8, 6, 3, 6, 4, 9 na 9. Hiyo ni 45. Ni C. Mlango wa chuo kikuu umefungwa kwa pointi moja.

Mwaka 2023 kanuni ikabadilishwa: Hisabati, lugha moja, kisha masomo matano bora yoyote. Chukua karatasi ile ile. Hisabati 3, Kiswahili 8, kisha 9, 9, 7, 6 na 6. Jumla ni 48. Ni C+. Hakuna jibu lililobadilika. Mwaka huo, waliopata C+ kwenda juu walifika 201,133, na wengi tukasema watoto wameanza kusoma. Labda ni kweli. Ila msichana wetu wa mfano hakusoma hata ukurasa mmoja zaidi. Alizaliwa tu mwaka mmoja baadaye.

Siku hizi chuo kinachaguliwa baada ya matokeo, kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika lililorithi kazi ya JAB. Huo ni ushindi mkubwa kuliko tunavyoutaja. Binamu yangu angekuwa mtu mwingine kabisa. Lakini chaguo la kwanza halifanywi kwenye tovuti. Linafanywa Agosti, nyumbani, mzazi anapoamua kama karo ya muhula wa tatu inafaa kutafutwa. Hapo moki bado inatawala.

Na haina muda mrefu chini ya jina hilo. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, kwa hivyo KCSE ya mwisho ya mfumo huu inatarajiwa 2027. Walio kwenye mfumo mpya walifanya KJSEA ya kwanza 2025, na humo makisio yameingizwa ndani ya alama zenyewe: mtihani unabeba asilimia 60, KPSEA ya darasa la sita 20, na tathmini za shuleni 20. Maana yake mwalimu wako sasa hakisii tena pembeni. Anachokuandikia ni sehemu ya matokeo. Nikiwaza kuhusu shule yenye maabara na ile yenye ndoo na mshumaa, nataka sana kujua nani ataangalia kama hizo asilimia 20 zina uzito mmoja kila mahali.

Kwa hivyo mzazi akinionyesha karatasi ya moki, simwambii ajumlishe mbili na simwambii asijumlishe. Namwomba aende shuleni aulize mambo matatu. Mtihani huu ulitungwa na nani, na uliwafikia watoto kabla ya siku yake? Ni mada gani zilizopimwa ambazo hazijafundishwa? Na mwaka jana, waliopata gredi kama hii Julai, walipata nini Novemba, hapa hapa, shule hii? Swali la tatu ndilo lenye thamani kubwa, na ni shule chache ambazo mzazi amewahi kuziuliza. Akirudi na majibu, ndipo tuketi tuongee habari ya ng'ombe.